Koti la Mama Achille Lisilofuliwa

Hemedi alimjua Mama Achille siku alipofika kwenye kibanda chake cha mitumba katika mtaa wa Mapendo, furushi la nguo za marehemu mumewe kichwani. Misiba ya watu haikumshangaza Hemedi, ilimletea mali. Alinunua mashati, akanunua suruali. Kisha macho yakatua kwenye koti zito la sufu ambalo mama mwenyewe alikuwa amelivaa.

"Na hiyo koti?"

"Hii hapana, papa. Bwana yangu aliivaa kwenye lori, njia ya Bunagana. Harufu yake ingali ndani. Achille ataivaa siku ya kupeleka mahari."

Hemedi alikwisha kulitamani. Akaanza kazi yake: bitana imechoka, vifungo si vya ukoo mmoja, mtindo wa wazee. Mama hakutikisika. "Tena haijafuliwa," akaongeza. "Sufu yenye jasho ni chakula cha nondo, mama. Ukiifungia vile, bilulu, vile vidudu vyake, vitaikula."

"Ee, Papa Hemedi! Hata bilulu umeviita vikusaidie kushusha bei?"

Majirani wakaangua kicheko, naye akacheka nao. Lilikuwa neno lake pekee la kweli asubuhi ile, lakini lilipita katikati ya uongo, likafanana nao.

Mama alilikunja koti bila kulifua, akalifunga kwenye valizi, sanduku lake la safari, akaisukuma chini ya kitanda. Hakuifungua tena; aliogopa harufu isije ikatoka.

Miaka miwili baadaye, siku moja kabla ya kupeleka mahari, alirudi kibandani na Achille, kijana mrefu kama baba yake, amebeba valizi. Aliifungua: kola ya koti ilikuwa imeliwa, na makwapa pia. Vibuu vyeupe vilitambaa kwenye nyuzi kama punje za mchele zilizopata miguu. Kwingine koti lilikuwa zima.

"Vimekula pale alipokuwa bwana yangu," mama alisema.

"Nilikuambia, Mama Achille."

"Uliniambia. Na bitana ulisema imechoka. Angalia: bitana ndiyo imebakia."

Hemedi aligeukia marobota yake. Alimtolea Achille koti jingine, akataja bei moja tu, na wakalipa bila kubishana. Mama alikata vile vifungo ambavyo Hemedi alisema si vya ukoo mmoja, akavifunga kwenye pindo la kitenge.

Koti lenyewe Hemedi alilichoma nyuma ya kibanda, vibuu visije vikaingia kwenye marobota yake. Lile alilolitamani miaka miwili alilitia kiberiti kwa mkono wake. Moshi ulipopanda mama alisogea, akavuta pumzi, akaingoja harufu ya bwana yake.

Ulinuka nywele zilizoungua, basi.