Nyota za Fundi Madoa

Mama yangu alikuwa fundi wa kuondoa madoa. Si madoa ya nguo, hayo aliwaachia madobi. Yeye aliondoa madoa ya picha katika studio ya Baba, enzi zile mtu akipigwa picha anasubiri siku kadhaa ndipo ajione. Mtaa mzima ulimwita Fundi Madoa, na Baba naye, mume wake wa ndoa, alimwita Fundi tu.

Kwa asiyejua: vumbi likitua kwenye filamu, huacha kitone cheupe kwenye picha. Bibi harusi anatoka na kitone puani, na hapo ugomvi hauna dawa. Mama aliketi karibu na dirisha akiwa na brashi ya ncha nyembamba, akailainisha kwa ulimi, akachovya rangi ya kijivu na kukijaza kile kitone mpaka kikapotea. Kwa hiyo pembe ya mdomo wake haikukosa alama ya kijivu, nasi watoto akitubusu asubuhi tulikwenda nayo shuleni. Doa jeusi lilikuwa na dawa yake: alilikwangua kwa kijisu mpaka weupe wa karatasi ukatokea. Aliringa kwa kazi hiyo, na alikuwa na haki ya kuringa.

Baba naye ugonjwa wake ulikuwa juu. Alinunua darubini kuukuu, akaifungia kamera kwa kipande cha bomba la maji na mpira wa baiskeli, akaanza kupiga picha za mbinguni. Kila Jumamosi jioni alibandika moja kwenye dirisha la studio, katikati ya maharusi na wahitimu, na watu walikuja kuitazama. Alipobandika sayari ya Zohali, mshona viatu aliegemea kioo akasema, "Hii imevaa pete. Basi ina mume. Muulizeni yuko wapi." Alipobandika Mshtarii na miezi yake minne, fundi saa wa duka la jirani alitikisa kichwa: "Miezi minne kwa mpigo! Huko kodi ya nyumba wanalipaje?" Walicheka, kisha wakanyamaza, wakabaki wanaangalia. Nakumbuka kunyamaza kule kuliko hata vicheko. Siku hizi watu wanaonyeshana picha kwenye simu kwa kidole, pa, pa, pa, hata jicho halijatua. Wale walisimama mbele ya picha moja mpaka maduka yakafungwa.

Mama hakuwa na habari nazo. "Mimi nayatumikisha macho mchana kutwa," alisema. "Jioni nayapumzisha."

Halafu Baba akapania Kilimia, lile kundi la nyota. Mwezi ni rahisi, unang'aa wenyewe, lakini kwa Kilimia kamera lazima iachwe wazi kitambo kirefu, na nyota hazisubiri mtu. Ilibidi azungushe skrubu ya darubini kwa mkono, polepole, akiifuata nyota moja bila kupepesa. Msimu mzima alitoa picha za mistari tu, kama mvua ya upepo. Siku alipofaulu alitoka chumba cha giza cha kusafishia filamu anacheza. Furaha ilimzidi, akaikunja filamu kabla haijakauka, ikagandana ikaharibika. Hakujali sana, kwa kuwa picha moja alikwisha kuichapa filamu ingali na maji. Aliianika kwenye kamba, akabeba mfuko wake akaenda kupiga picha za harusi.

Mama akaingia kazini akaikuta. Alijua ni Kilimia, maana nyumbani hapakuwa na wimbo mwingine. Na Kilimia kila mtu anakijua: ni nyota sita zilizokaa pamoja. Sasa hii ilikuwa na sita kubwa na mamia ya vitone vyeupe kila mahali. Mama akaguna, akavuta kiti, akalainisha brashi.

Baba aliporudi jioni, alimkuta anajinyoosha mgongo.

"Umewahi kunipa picha chafu, Mzee, lakini hii! Vumbi la uwanja mzima. Nimeinama tangu asubuhi."

Baba aliipeleka kwenye taa. "Na nyingine?"

"Nyingine zipi? Kilimia si nyota sita? Sita zako hizo, safi kabisa."

Baba aliketi kwenye kile kigoda cha wateja. "Fundi, ziko mamia."

"Mbona sijawahi kuziona?"

"Hujawahi kuangalia."

Hakupiga kelele. Afadhali angepiga. Aliitia picha majini, lakini rangi ile ikishanywewa na karatasi haitoki. Akaikausha, akaifungia kabatini. Darubini akaiviringisha blanketi, akaisukuma chini ya kitanda.

Jumamosi ikafika, dirisha likabaki na pengo. "Mwenye studio," fundi saa aliuliza, "leo mbinguni wamefunga?"

"Kuna ukarabati," Baba alijibu, na wote wakacheka isipokuwa yeye.

Jumamosi nyingine ikaja, na nyingine. Baba alikula kidogo, akalala mapema. Jirani alikuja kumfariji Mama kwamba maji yakimwagika hayazoleki. "Hayo maji," Mama alimjibu. "Mimi nimemwaga nyota za watu." Ilimuuma. Alimpenda Baba, na alikuwa anamwona anazima mbele ya macho yake, kisa yeye kafanya kazi yake vizuri.

Jioni moja baada ya magharibi tulisikia vishindo kwenye ngazi. Mama alikuwa anaivuta darubini kuipandisha juu ya paa, peke yake, blanketi na vyote. Baba alimkimbilia, nadhani kwa kuhofia vioo zaidi kuliko mgongo wa mkewe. Huko juu alikuta ile picha ya kabatini imebanwa kwenye ubao, tochi imefungwa kitambaa kupunguza mwanga, na kijisu.

"Doa jeusi hukwanguliwa," Mama alisema. "Haya, hili lote ni doa jeusi moja kubwa. Niambie zilipo."

Baba alisita, kisha akaisimika darubini, akaweka jicho. "Juu ya ile kubwa. Kulia kidogo. Mbili zimeshikana."

"Ukubwa?"

"Ndogo. Ndogo zaidi. Umeipita!"

"Sijaipita! Wewe ndiye husemi vizuri."

Waligombana mpaka majirani wakachungulia. Mwisho Mama alitupa kijisu chini. "Hebu toka nione mwenyewe." Akainama, akaweka jicho lake pale.

Nilikuwa nimesimama kwenye ngazi, na sikuwahi kumwona Mama ametulia vile.

"Mzee."

"Naam."

"Zote hizi?"

"Zote."

"Na mimi nimezifuta."

"Umefuta karatasi, Fundi. Zenyewe hizo, bado zipo."

Mama alilia, akicheka humo humo, akajipangusa na kujipaka kijivu cha mdomoni shavu zima. Tangu hapo hakuna jioni ya anga safi waliyokosa. Aliangalia yeye, akakwangua yeye, nyota chache kila jioni, na Baba akishika tochi na kupewa maneno. Mvua ilipokaribia na Kilimia kuanza kuzama mapema, picha ilikwisha. Ilipobandikwa, dirisha lilijaa watu. Ukiikaribia uliiona mikwaruzo waziwazi, lakini hakuna aliyekejeli. Baba alisimama mlangoni akimwambia kila mpita njia, "Mimi nilipiga, Fundi akamalizia." Na miaka iliyofuata Mama ndiye aliyemsukuma: twende tukapige ile galaksi, twende tukapige lile wingu la gesi lililo chini ya zile nyota tatu zilizojipanga mstari. Studio yetu haikuwa tajiri, lakini nyumbani kulikuwa na raha ambayo mpaka leo naitafuta.

Baba alikufa. Studio nayo ikafa, maana kila mtu sasa ana kamera mfukoni. Nikamchukua Mama kwangu, na darubini. Paa tunalo, lenye tangi la maji na kamba za nguo, lakini hakukanyaga. "Juu nimeshaona," alisema, akageukia ukuta. Aliketi hivyo siku nzima. Nilimjua mtu mwingine aliyewahi kuzima hivyo, na niliogopa.

Nikawaza nimpe kitu cha kuangalia kwenye huo ukuta. Picha ya Kilimia ilikuwa imekuwa ya manjano, basi nikaipeleka kwa mwenye duka la kuchapa picha ainakili na kuikuza. Nilipoifuata alinikabidhi bahasha kwa tabasamu. "Dada, ilikuwa imejaa mikwaruzo. Nimekuondolea yote, na sikuchaji. Zimebaki nyota sita, safi kabisa."

Nilifungua nyumbani, mbele ya Mama, na nikamtukana yule bwana matusi ambayo siyaandiki hapa. Mama aliichukua picha akaisogeza karibu na pua. Mabega yake yakaanza kutikisika. Nilidhani analia, kumbe ni kicheko, ambacho sikuwa nimekisikia tangu tumzike Baba.

"Huyu ni fundi," alisema. "Ona alivyoziacha sita!"

"Kesho namrudishia. Anayo ile yenye mikwaruzo kwenye kompyuta, ataichapa kwa dakika moja."

"Dakika moja?" Alinitazama kama mtoto aliyekosa adabu. "Ya dakika moja ya nini? Kijisu changu umekiweka wapi?"

Tulipanda baada ya magharibi, mimi nimebeba darubini, yeye akijishikiza kwenye ukuta wa ngazi. Nilihangaika mpaka nikakipata Kilimia, nikamwachia nafasi. Aliinama muda mrefu.

"Naona ukungu tu," alisema.

Nilijua ni mtoto wa jicho, na nikangoja aseme turudi chini. Akainuka, akanisukuma kwa kiwiko kuelekea darubini, akaketi juu ya ndoo iliyofunikwa, picha mapajani, tochi shingoni.

"Ya karibu bado naona. Ya mbali yameenda na baba yako. Niambie zilipo."

Nikaweka jicho. Kwa umri wangu huu, mimi niliyekulia chini ya dirisha lile, sikuwahi kuziangalia kwa subira. Zilikuwa nyingi mno.

"Juu ya ile kubwa," nikasema. "Kulia kidogo. Mbili zimeshikana."

"Ukubwa?"

"Ndogo." Kijisu kikakwaruza. Nikageuka kutazama. "Hiyo umeipita, Mama."

"Baba yako naye alisema hivyo hivyo," akanijibu. "Haya, ya pili iko wapi?"