Halidi na Himaya ya Nne

Halidi Mkude alikuwa fundi cherehani pale Mwembesongo, na kama Morogoro nzima alikuwepo mtu aliyeupenda mchezo wa Himaya kumshinda, mimi sikumjua. Jina halisi la mchezo huo ni la kigeni na ni refu. Sisi tuliuita Himaya, basi. Ni mchezo wa kompyuta. Unapewa kipande cha nchi ya zamani, watu wachache na mbegu, unajenga kijiji mpaka kiwe dola, na ng'ambo ya pili mwenzako naye anajenga huku akikuvizia. Matoleo yake yamekuwa yakitoka tangu tukiwa vijana. Kila Jumamosi baada ya alasiri tulikusanyika kwenye chumba cha Luqmani, anayekodisha kompyuta, tukicheza na kubishana toleo lipi linayazidi mengine.

Raphael, muuza mbolea, alikuwa mtu wa Himaya ya Tatu kwa ajili ya bahari na meli zake. Halidi alikuwa wa Ya Pili, na hakuyumba.

"Ya Tatu imepambwa, sikatai," alikuwa akisema. "Lakini watu wake masanamu. Ya Pili, mji ukiwa na njaa, watu wanafunga mizigo wanakuhama. Hapo unajua unatawala watu."

Halafu macho yakaanza kumsumbua. Alidhani ni miwani tu, akachelewa. Alipofika kwa daktari akaambiwa ni presha ya macho, na kilichokwisha kuondoka hakitarudi. Kidogo kidogo giza lilimjia kutoka pembeni mpaka likafunga. Kazi ya cherehani aliendelea nayo kwa kupapasa, maana vidole vyake vilizijua mashine hizo tangu ujana. Chumbani kwa Luqmani ndiko alikoacha kuja.

Himaya ya Nne ilitoka yeye akiwa hayupo. Tuliiwasha tukasogeleana kwenye kioo. Milima ilikuwa na misitu na ukungu unaotembea, mito ilibadilika rangi, na kila nyumba ilifuka moshi wake. Raphael aliihama Ya Tatu siku hiyohiyo. Hakukuwa na mtu wa kumpinga, na ubishi wetu ukapooza.

Mke wa Halidi ni Mwaisha. Anauza ndizi na maharage yanayotoka Mkuyuni, kwenye shamba la ukoo wa mama yake. Miaka yote aliuita ule mchezo "mke mwenzangu", na hakuwahi kuugusa. Lakini jioni moja Luqmani alipita kibarazani kwao, na Halidi akamuuliza, "Hiyo Ya Nne ikoje?"

"Kaka, ni noma. Picha kama kweli kabisa!"

Halidi aliitikia kwa kichwa. Mwaisha aliniambia baadaye kwamba mumewe alikuwa na sura ya mtu aliyenawa mikono, halafu akaletewa sahani tupu.

Jumamosi iliyofuata Mwaisha aliingia chumbani kwa Luqmani amemshika mumewe mkono. Tulisimama wote. Alimketisha mbele ya kompyuta, akavuta stuli akakaa kando yake.

"Shemeji Luqmani, nionyeshe namna ya kushika hiki kipanya. Nitamwambia ninachokiona, yeye ataniambia la kufanya."

Raphael akakubali kucheza nao. Nadhani alikusudia kuwaonea huruma.

"Haya, Mama Shadia," Halidi alimwambia mkewe. "Unaona nini?"

Mwaisha alianza, taratibu, kwa sauti ya mtu anayeeleza habari za kwao.

"Naona mlima, umelala kutoka kushoto. Chini una majani, katikati msitu, juu sipaoni, pana ukungu. Mto unatokea kwenye mkunjo wa mlima, unapita mbele yetu. Maji meupe, unaona mpaka mawe. Watu wetu wako saba, wamesimama. Mmoja ni mwanamke, amejifunga kanga... sijui kama ni kanga. Anatazama juu."

"Udongo?"

"Bondeni mweusi. Kwenye mteremko mwekundu."

"Tujenge kwenye mteremko. Kata matuta ya ngazi, kama ya kwenu Mkuyuni."

Wakajenga. Mkono wa Mwaisha ulikuwa mzito, akibonyeza hapa mara tatu ndipo apapate. Lakini Halidi hakumuuliza jambo moja mara mbili. Kila alichoambiwa alikiweka kichwani na kikabaki palepale: ghala, kisima, njia ya mbuzi. Alimwomba Luqmani aongeze sauti ya spika, akainamisha kichwa. "Farasi wanatoka kulia," alisema, na kweli, baada ya muda farasi wa Raphael wakatokeza kulia.

Wa kompyuta nyingine wakaacha michezo yao, wakaja kusimama nyuma yetu.

Jeshi la Raphael lilipofika mtoni, Mwaisha akasema, "Baba Shadia, ukungu umeshuka. Umefika katikati ya mlima. Na maji yameanza kuwa ya njano."

"Ya njano?"

"Kama ya mto Ruvu huko juu kunaponyesha."

"Toa watu wetu wote bondeni. Wapandishe."

Raphael alicheka, akaingiza farasi majini. Mto ukaja. Sijui niuseme vipi. Ulikuja na magogo, ukawabeba farasi na waliowapanda, na chumba kizima tukapiga kelele kana kwamba maji yametufikia miguuni. Tulikuwa tumecheza Ya Nne kwa miezi. Hakuna aliyekuwa amegundua kwamba mto wake unatoa onyo.

Raphael alishinda mwishowe; alikusanya jeshi jingine, na mkono wa Mwaisha haukuwahi. Hakuna aliyempongeza, wala yeye hakungoja pongezi. Alimgeukia Halidi.

"Sema kweli, kaka. Ya Pili au hii?"

Halidi alijifuta uso. "Hii. Ya Pili niliitazama, Raphael. Hii nimekaa ndani yake."

"Mimi bado sijaiona hiyo Ya Pili," Mwaisha alisema. "Msimalize ubishi bila mimi."

Tangu hapo wanakuja wote wawili, na watu wanatoka mpaka Kihonda kuja kusikiliza. Jumamosi iliyopita, Raphael alifungua mji wake wa zamani wa Ya Tatu, ule wenye bandari, alioujenga kwa miaka. Akamsogezea Mwaisha stuli.

"Shemeji, naomba unielezee na mimi."

Mwaisha akautazama bila haraka.

"Bandari kubwa. Meli zimefungwa kamba. Nyuma ya ghala, pale ukutani, kuna bibi anaanika samaki. Anawageuza mmoja mmoja."

"Bibi gani?" Raphael aliuliza. Alivuta kiti, akasogeza uso hadi kwenye kioo. "Yuko wapi?"

"Huyo hapo. Sasa amekaa, anapumzika."

Raphael alibaki akimtazama yule bibi, na sisi tukainama mabegani kwake kumtazama pamoja naye, huku Halidi akiuliza samaki wenyewe ni wa aina gani.