Hogo Lililofunguliwa Jioni

Karatasi niliyopewa kliniki ilikuwa na sentensi moja iliyopigiwa mstari: hogo lifunguliwe asubuhi ya siku ya miadi, si kabla. Niliisoma mara nyingi. Nilimsomea hata jirani yangu, mama mtu mzima ambaye wazazi wake walivuka Ruvuma kutoka Msumbiji, akanisikiliza kwa adabu huku akipukuchua mahindi. Halafu Jumatano moja jioni nikalifungua.

Binti yangu alizaliwa na mguu kifundo, wa kulia. Unyayo ulikuwa umejikunja ukatazama ndani. Tiba yake haihitaji maajabu, inahitaji subira: kila wiki mguu unanyooshwa kidogo, unafungwa hogo, plasta ngumu ya kuushikilia, kuanzia vidoleni hadi pajani, na wiki inayofuata linafunguliwa, unanyooshwa tena. Hogo likilowekwa kwenye maji ya vuguvugu hulainika, unalizungusha na kulivua kama bandeji, ndiyo maana kazi hiyo tuliachiwa tuifanye nyumbani. Lakini nyumbani kwangu kulikuwa Msimbati, nilikofundisha, na kliniki iko Mtwara mjini. Gari lilikuwa likiondoka kabla ya adhana ya alfajiri. Kuloweka kulichukua karibu saa nzima, mtoto akilia mwanzo mwisho, na baba yake alikuwa kazini Songea. Kwa hiyo nikajiambia, usiku mmoja utabadilisha nini? Mimi huyu, ninayewagombeza watoto wa darasa la nne kwa kujibu swali kabla ya kulisoma vizuri.

Mvua ilinyesha mpaka asubuhi. Gari halikuja. Dereva alipiga simu kusema maji yamekata barabara, labda kesho. Nikaufunua mguu wa mwanangu, na sitaki kujifanya jasiri, nilitamani nisiutazame. Jioni ulikuwa umenyooka vizuri mno hata nikaupiga picha. Sasa vidole vilikuwa vimeanza kugeukia ndani.

Nilimpigia mtaalamu wa kliniki. Kuhusu barabara nilimweleza ukweli. Kuhusu hogo nikasema limelegea, likatoka lenyewe. Akanielekeza nimkunje mtoto goti, niusukume unyayo nje taratibu kama nilivyomwona yeye akifanya, niushike hivyo kwa kadiri atakavyovumilia, nipumzike, nirudie. Nije barabara ikipitika tu, hata kama si siku ya miadi. Siku zikipita, alisema, mguu utarudi ulikotoka.

Niliushika mguu ule nikinyonyesha, nikaushika mtoto akilala, nikaushika mpaka vidole vyangu vikafa ganzi. Kila nilipouachia nilihesabu, na kila nilipohesabu niliuona ukijirudia. Tulikuwa tumekwisha kufungwa mahogo manne. Niliona wiki nne zikinitoka mkononi.

Mchana jirani yangu aliingia, akatazama hali ilivyo, akaketi mkekani.

"Nipe mguu huo, mwalimu. We nenda ukale."

Nilimwonyesha namna ya kushika. Kiganja chake kilikuwa kigumu cha jembe, na niliogopa atambana mwanangu. Sahani niliiweka magotini nikamkodolea macho, sikula. Yeye alishika kwa upole kuliko mimi. Hakuniuliza hogo lilitokaje, ingawa karatasi nilimsomea mwenyewe.

Ijumaa barabara ikapitika. Kwenye benchi la kliniki walikuwapo wengine waliokwamishwa na mvua, akiwemo mama mmoja kutoka mashamba ya kando ya Ruvuma. Tulikuwa tukikaa pamoja kila wiki. Mtoto wake alikuwa amefungwa hogo la nane na mguu haunyooki. Aliwahi kuninong'oneza kwamba amechoka, kwamba wamemwambia mguu wa mwanawe ni mkaidi. Siku ile alisema hii ndiyo safari yake ya mwisho.

Mtaalamu akamchukua binti yangu, akaubonyeza mguu, akaukunja, akaubonyeza tena. Akauliza hogo lililegea vipi. Uongo nilikuwa nao tayari, mzuri kabisa, nimeupanga njia nzima.

"Halikulegea," nikasema. "Nililifungua mwenyewe, juzi jioni. Ili niwahi gari."

Akaushika mguu tena, akasema tumerudi nyuma kama hogo moja tu, kwa sababu mguu ulishikwa. Nililia pale pale, kwa nafuu na kwa aibu.

Nyuma yangu yule mama akasimama na mtoto wake.

"Mie kila wiki nafungua jioni," akasema. "Kila wiki. Gari letu laondoka usiku."

Mtaalamu akaliweka chini fungu la bandeji. Akauliza benchi zima nani mwingine. Nimezoea kuona mikono ikiinuliwa kwa pupa. Hii iliinuka polepole, wenyewe wakitazama sakafu, na yote ilikuwa ya watu wa mbali.

Wiki iliyofuata pale kliniki palikuwa na beseni kubwa karibu na bomba, na birika la maji ya moto, ili tunaotoka mbali tufungulie hapo hapo. Yule mama alikuwa amefika kabla yangu. Mtoto wake alikuwa bado na hogo, kavu, la tangu wiki iliyopita. Mvuke ulipotulia akaanza kumlowesha, akilizungusha lile hogo taratibu mpaka unyayo ukatokea.

Aliendelea kufungua. Mguu wa mwanawe nikaushika mimi.