Pembe za Majok

Ukitaka kumuudhi Norman, mchora mabango wa soko la Custom, mwambie herufi ni herufi tu. Mganda huyo aliingia Juba mwaka wa uhuru wa Sudan Kusini, kila mtu akitaka jina juu ya mlango wake, na mteja aliyemnyima usingizi alikuwa Atong, aliyekulia Kenya akarudi kufungua hoteli ya chai.

"Fundi, sitaki herufi za vitabuni," Atong alisema. "Nataka pembe za Majok."

Majok alikuwa ng'ombe dume wa baba yake. Atong mwenyewe hakuwahi kumwona. Alimjua kwa nyimbo ambazo baba aliziimba kambini, ukimbizini. Basi akawa anaeleza kwa mikono, pembe moja ikienda mbele, nyingine ikirudi nyuma, na Norman anachora, anafuta, anaonyeshwa tena. O ikawa pembe mbili zinazokaribia kugusana. Bango lilipokwisha wakakubaliana wamalize herufi zote, moja kila jioni baada ya chai. Norman hakuwa na haraka.

Walikuwa wamefika R vita vilipozuka. Atong akakimbilia Nairobi, na simu yake ikawa haipatikani.

Mpangaji mpya alifungua duka la dawa palipokuwa hoteli ya Atong, akataka maandishi ya kawaida. "Hilo bango la zamani lipake rangi juu," alisema.

Norman akaligeuza, akaandika upande wa nyuma, akalipigilia misumari huku pembe za Majok zikitazama ukuta. Ukimuuliza mbona hajachora S mpaka Z, atakwambia bado hajaonyeshwa.