Vidonge vya Baba

Harufu ya damu ya mbuzi ilifika mlangoni kabla ya baba. Tulikaa mtaa wa Jericho, naye alikuwa mchunaji katika machinjio ya Kiamaiko. Kazi ilianza alfajiri, na saa nane mchana gambuti zake, viatu virefu vya mpira, zilisikika uani. Harufu ile ikiingia, mama alinyamaza ghafla nami nikatafuta pa kujibanza. Baba alipiga. Alimpiga mama kwa sababu ya chai iliyopoa, akanipiga mimi kwa kumtazama vibaya, kwa mshipi, kwa kiatu, na siku moja kwa mwiko wa ugali hadi ukavunjika, kisha akanituma kwa jirani nikaazime mwingine. Nilimchukia, na sioni haya kuandika hivyo.

Nilipofika miaka kumi na mmoja, mkono wake ulianza kulegea. Alinichapa mara mbili, akaketi kitandani akihema, jasho likimtiririka, mshipa wa shingo ukimdunda ovyo ovyo. Miguu ikavimba hata gambuti zikakataa kuingia. Wenzake walisema ni pombe, ingawa hakuwa mnywaji. Yeye alisema ni kupungukiwa damu, akawa anakunywa supu ya vichwa vya mbuzi kila siku. Mimi nilifurahi. Mama alianza kuimba akifua nguo, nami kila Jumapili nilimwomba Mungu amwache baba vivyo hivyo.

Hatimaye mama alimpeleka hospitali, nikafuatana nao. Daktari, mwanamke kijana, alimsikiliza kifua kwa muda mrefu. “Mzee, moyo wako umekuwa ukikimbia bila mpangilio kwa miezi,” akasema. “Misuli yake imechoka. Tukiutuliza, unaweza kupata nguvu tena.” Kule Kiamaiko, mbuzi aliyetoroka akafukuzwa vichochoroni hachinjwi papo hapo; hufungwa kivulini apumzike, la sivyo nyama yake huwa nyeusi na ngumu. “Kumbe mimi ni mbuzi wa kukimbizwa,” baba akasema. Mama alicheka, roho imemtulia. Mimi nilisikia neno moja tu, nguvu.

Kazi ya kumpa vidonge vya moyo alivyoandikiwa ilikuwa yangu, kwa kuwa mama hakujua kusoma. Baada ya wiki kadhaa uvimbe uliisha, pumzi ikarudi, na mshipi nao ukarudi. Alimtandika mama hadi akamng’oa jino, nikaliokota mimi sakafuni. Kesho yake nilitupa kidonge chooni, nikampa cha kutuliza maumivu, cheupe kama kile. Nikafanya hivyo siku nne.

Siku ya tano pikapu ya nyama ilisimama nje. Baba alikuwa amelazwa nyuma, damu kuanzia kichwani hadi miguuni. Mama alipiga nduru, akidhani amechomwa kisu. Guyo, mwenzake wa machinjioni, akamshika mabega. “Mama Mwende, hii damu si yake, ni ya mbuzi. Ameanguka tu akichuna. Panda haraka, twende hosi!” Niliachwa peke yangu uani.

Hakufa. Wiki iliyofuata, aliporudishwa nyumbani, nilisimama mbali kidogo na kitanda chake nikamwambia yote. “Mwende, kuja hapa,” akasema. Nilisogea. Alinizaba kofi, lakini mkono haukuwa na kitu, uliteleza tu shavuni ukaanguka kwenye blanketi. Alinitazama.

“Kesho uniletee ile ya ukweli,” akasema.

Moyo wake ulitulia tena kwa dawa, na hakutupiga tena. Sijui kama ilikuwa toba au woga wa kula dawa mkononi mwangu, na sijawahi kumuuliza. Mama ameshatutoka. Baba sasa anaishi kwangu, mzee wa kufurahia jua la barazani, na binti yangu humvuta masikio bila kujua ni nani anayemvuta. Namwonea wivu mtoto huyo. Kila asubuhi namtilia baba kidonge kiganjani. Hunitazama usoni kwanza, muda mrefu, ndipo anapomeza.