Kuta Nyeupe za Bondeni

Niliondoka Tunduma kwa sababu dada yangu Tumaini aliniomba nikae naye siku kijiji kitakapoamua kuhusu zahanati. Alikuwa na mimba kubwa. Masika yaliyopita alimpoteza mtoto njiani, akikimbizwa hospitali kwa pikipiki kwenye matope.

Asubuhi tuliyaacha malori yamejipanga kuelekea mpakani, bodaboda ikashika njia ya bondeni. Tulivyozidi kushuka, ndivyo joto lilivyopanda. Mbele ukungu mweupe ulielea juu ya Rukwa, hata sikujua ziwa linaishia wapi na anga inaanzia wapi. Nilisinzia, dereva akanigutua nisije nikaanguka.

Mchana nilifika kijijini, karibu na Ivuna. Siku hizi mambo ni hivi: kijiji kinapanga chenyewe, kinainua boma kwa nguvu zake hadi kwenye lenta, ule mkanda wa zege juu ya milango na madirisha, kisha halmashauri inaezeka. Boma la zahanati lilikuwepo, jeupe, zuri ajabu, kama limepakwa unga.

"Usilishangilie, mdogo wangu," Tumaini akasema. "Ni chumvi hiyo."

Kwa haraka ya kuwahi mvua, walikuwa wamefyatua matofali kwa udongo wa jirani na chemchemi wanakopikia chumvi. Nilipogusa ukuta, ulimong'onyoka vidoleni. Mhandisi wa halmashauri alikuwa amekataa kuweka paa juu yake.

Jioni, mkutanoni, mwenyekiti wa kijiji alisimama. "Ndugu zangu, zamani tungesema serikali imetuonea. Safari hii udongo tulichimba wenyewe. Tubomoe, au tumbembeleze mhandisi?"

Macho yote yakamgeukia dada yangu. Akainuka taratibu.

"Tukibomoa, nitajifungua kabla hatujamaliza. Najua. Lakini sitaki ukuta umwangukie mtoto wa mtu, na maji ya kufyatulia nilibeba mimi. Tubomoe."

Mikono ikanyooshwa. Nilimkasirikia hadi nikalia.

Asubuhi ya kurudi nilimsihi tuondoke sote, akajifungulie kwangu mjini.

"Nitakuja," akasema. "Lakini si leo. Nikiondoka leo watasema nimewabomolea, kisha nimekimbia."

Nilikuwa nikidhani madaraka yakishushwa kwa wananchi, mzigo wao unapungua. Tumaini aliniaga haraka, akageuka kwenda kubeba matofali, maana walikuwa wameshaanza kubomoa, na walianzia chumba cha kujifungulia.