Kishikio cha Katikati

Uwanja wa mtaa wetu, hapa Temeke, ulikuwa jaa la mifuko na maji machafu mpaka mjumbe alipoitisha msaragambo. Wengine walifukia matairi nusu na kuyapaka rangi, wengine wakapanda miti ya kivuli. Mimi ni seremala kule Keko, nikapewa bembea ya ubao, ile ambayo mmoja akipanda mwenzake anashuka.

Niliweka kishikio kila mwisho, halafu cha tatu upande mmoja, karibu kabisa na katikati.

"Fundi, hapa umekosea," mjumbe alisema. "Anakaa nani hapo?"

"Mkubwa."

Wazazi wetu walipofariki niliacha shule, nikaingia karakana kupiga msasa. Jioni nikirudi, wadogo zangu wawili walikuwa wananisubiri uani, ubao wameshaulaza juu ya gogo. Wao walikaa pamoja mwishoni, mie upande wa pili, karibu na gogo, maana ningekaa mbali wangebaki hewani wakilia. Tulicheza hivyo mpaka maji ya ugali yalipochemka, nami nikaenda kusonga.

Sasa wa kiume yuko machimboni Geita, wa kike ameolewa Tegeta. Sufuria ni ile ile, mlaji mmoja, na bado nakosea kipimo cha unga.

Mdogo wangu wa kike aliahidi kuja Jumamosi na wanawe wawili. Nikamwomba mjumbe asubiri: akituona tumekaa ataelewa, wasipokuja, nitakitoa kile kishikio mwenyewe kabla ya kupaka rangi.

Jumamosi hiyo mchana, nikiwa uwanjani, mdogo wangu akapiga simu.

"Shikamoo kaka. Nisamehe jamani, watoto wana tuisheni, halafu foleni ya huku unaijua."

"Marahaba. Hamna neno. Lakini unakumbuka mie nilikuwa nakaa wapi kwenye ule ubao?"

"Ubao gani, kaka?"

Nikamweleza. Akacheka kwa upole. "Mie nilikuwa mdogo bwana. Nakumbuka ule uji wako tu, ulikuwa unaungua kila siku."

Nilipokata simu, mjumbe alikuwa amesimama na kopo la rangi. "Haya fundi, wageni wako wapi? Tukitoe?"

Nilikwenda kukaa pale karibu na katikati. Ubao ukashuka taratibu upande wangu, na ule mwisho mwingine ukapanda, mtupu.

Mama anayekaanga mihogo kando ya uwanja akapaza sauti: "Fundi, unacheza na jini?"

Watu wakaangua kicheko. Nami nilicheka. Kisha nikainuka, nikalichukua kopo mkononi mwa mjumbe, nikachovya brashi na kuanza na kishikio cha katikati.

"We fundi! Si tulikubaliana?"

"Kimeshapakwa hicho," nikamwambia. "Kiache kikauke."